Nani Ampime Daktari?

Karavia ni jina ambalo Lubumbashi imelizoea kupitia hoteli. Jengo lile kubwa la kando ya ziwa lililotengenezwa na watu, jirani na uwanja wa gofu, ndilo lililolifikisha jina hilo kwa wanunuzi wa shaba na kobalti walioko Johannesburg, Dubai na Beijing. Wageni hao hulala humo, hukutana humo, na wakipatwa na homa ya ghafla hutafutiwa daktari binafsi au ndege ya kwenda Afrika Kusini. Nje ya lango wako watu wanaoifanya hoteli isimame: walinzi, wafua mashuka, watunza bustani, vijana wa pikipiki, akina mama wanaopanga makala na mafungu ya sombe kando ya barabara. Hao wakiugua huanzia kituo cha afya cha mtaani, na hali ikizidi hupelekwa mjini, hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu.

Huko watakutana na muuguzi au daktari aliyesoma kwa Kifaransa, mwenye foleni inayopita mlango, anayelazimika kuamua ndani ya dakika chache nini kinamsumbua mtu asiyemjua. Mgonjwa huyo anaweza kuwa Mluba wa kaskazini, Mbemba wa upande wa Zambia, Mlamba ambaye ardhi ya mji huu ilikuwa ya babu zake, au mjukuu wa watu waliotoka Kasai kuja kuchimba shaba. Anaweza kuwa Mpentekoste, Mkatoliki, Mwislamu, au mfuasi wa kanisa linalokataza sindano. Anaweza kuwa fundi wa Kichina asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Kila mmoja ana namna yake ya kuusimulia ugonjwa, na kila mmoja anaficha kitu.

Kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu wa afya duniani wamekuwa wakitafuta njia ya kupima uwezo wa mhudumu kumtibu vizuri mtu ambaye lugha yake, imani yake au nafasi yake katika jamii si kama ya mhudumu huyo. Wanauita umahiri wa kitamaduni. Wametunga dodoso, wamepanga alama, wamegawa madaraja. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini vipimo vingi vilivyotungwa vinamwuliza mtu asiyefaa kuulizwa, na Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuliona kosa hilo.

Mji huu unajua kupimwa. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyouleta mji wenyewe. Migodi ilihitaji mikono, na mikono ilitafutwa mbali: Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini, na tangu miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Mwanamume aliyeandikishwa alipimwa urefu, uzito na kifua kabla ya kupewa kazi. Kabila lake liliandikwa, kwa sababu mabwana waliamini kwamba kabila hili linafaa chini ya ardhi na lile linafaa kwenye tanuri. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Weusi iliachwa ardhi tupu yenye upana wa mamia ya mita, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu na homa zibaki upande wa pili.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake. Badala ya kuleta wanaume kwa mkataba mfupi, ikaamua kuwaweka pamoja na wake na watoto wao kambini. Mtu aliyeisimamia kazi hiyo kwa miaka mingi, Léopold Mottoulle, alikuwa daktari. Zikajengwa kliniki za akina mama, watoto wakapimwa uzito, wanawake wakahimizwa na kusukumwa kujifungulia hospitalini, posho ya chakula ikafungamanishwa na mahudhurio. Watoto wengi walipona ambao wangekufa; hilo lazima lisemwe, na wazee wa kambi za Union Minière wamelisema wenyewe mara nyingi. Hata hivyo mizani ilitazama upande mmoja tu. Mama alipimwa kama ananyonyesha inavyotakiwa. Sista na daktari waliokuwa mbele yake hawakupimwa na yeyote kama walimwelewa.

Hospitali kubwa ya jimbo leo ina jina la Jason Sendwe, kiongozi wa Waluba wa Katanga aliyeuawa Albertville mwaka 1964. Kabla ya siasa Sendwe alikuwa msaidizi wa daktari, cheo cha juu kabisa ambacho Mkongomani aliweza kukifikia katika tiba chini ya Wabelgiji. Watu wa cheo hicho walikuwa katikati: waliyachukua maneno ya mgonjwa wakayageuza Kifaransa, wakayachukua maagizo ya daktari wakayageuza Kiswahili. Wao ndio waliojua nini kilipotea njiani.

Vipimo vya sasa vilizaliwa kwingine. Miaka ya 1950 muuguzi Mmarekani, Madeleine Leininger, aligundua kwamba watoto aliowahudumia katika kituo cha afya ya akili walitofautiana kadiri ya nyumba walizotoka, na kwamba shule ya uuguzi haikumfundisha lolote kuhusu jambo hilo. Akaenda kusoma anthropolojia, akaishi na Wagadsup wa Papua New Guinea, kisha akaanzisha tawi zima la uuguzi linalotazama utamaduni. Mwaka 1989 Terry Cross, Mmarekani wa asili wa taifa la Seneca, na wenzake waliandika kazi kuhusu huduma kwa watoto wa jamii ndogo wenye matatizo ya akili. Humo walichora ngazi sita, kuanzia taasisi inayouharibu utamaduni wa mgonjwa hadi taasisi inayoujua na kuutumia katika kutibu. Wengi waliomfuata Cross wamesahau kwamba ngazi yake ilikuwa ya taasisi. Wao wakaigeuza kuwa ya mtu mmoja mmoja.

Kipimo kilichoenea kuliko vingi ni cha muuguzi Josepha Campinha-Bacote, Mmarekani ambaye wazee wake walitoka visiwa vya Cape Verde. Anaugawa umahiri katika sehemu tano: kujitambua na kuzitambua dhana zako, maarifa, ujuzi wa kuuliza na kupima, kukutana kwa kweli na watu tofauti, na ile aliyoiona wakati huo kuwa chemchemi ya zote, hamu ya kutaka kujua. Dodoso lake la mwaka 2002 lina maswali 25. Kila swali lina majibu manne, hivyo jumla huanzia alama 25 hadi 100. Ukipata 75 hadi 90 wewe ni mahiri. Kuanzia 91 umebobea. Chini ya 75 unafahamu tu au hufai. Limetafsiriwa na kutumika katika nchi nyingi, kwa sababu ni fupi, lina namba, na mkuu wa chuo anaweza kuionyesha wizara kwamba wanafunzi wake waliingia na 62 wakatoka na 78.

Shida ni kwamba anayejibu ni mhudumu mwenyewe. Unamwuliza muuguzi: je, unajitambua? Unajali? Uko tayari kujifunza? Nani ataandika hapana? Zaidi ya hapo, mtu asiyejua ukubwa wa asichokijua hujipa alama nyingi, na yule aliyeanza kuona pengo lake hujipa chache. Inawezekana kabisa muuguzi bora wa wodi akapata alama ndogo kuliko mwenzake anayewafokea wagonjwa, kwa sababu yeye ana wasiwasi na mwenzake hana. Mwaka 2007 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Zofia Kumaş-Tan waliviweka mezani vipimo 10 vilivyotumika zaidi na kuuliza vinadhani nini bila kusema. Walikuta kwamba vingi vinauchukulia utamaduni kuwa rangi na kabila, vinadhani utamaduni ni kitu cha yule mwingine, na vinadhani mhudumu ni mzungu wa tabaka la kati ambaye dawa yake ni kupata maarifa na kujiamini zaidi.

Chukua dodoso la namna hiyo ulilete Lubumbashi. Daktari ni Mkongomani, mgonjwa ni Mkongomani. Rangi moja, huenda kanisa moja. Kwa kipimo kile hakuna tofauti ya kupima. Lakini keti kwenye benchi la kusubiri asubuhi moja utaona nyufa zilipo. Ziko kati ya aliyesoma na asiyesoma. Ziko kati ya Kifaransa cha kwenye fishi ya mgonjwa na Kiswahili cha kwenye benchi. Ziko kati ya mwenye pesa ya kulipa kabla na anayesubiri ndugu alete. Ziko katika jina la ukoo, kwa sababu mji huu ulishuhudia mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai wakifukuzwa Katanga kwa maelfu, wakilala kwenye stesheni kungoja treni, na kumbukumbu hiyo haijafa. Mgonjwa anaposikia lafudhi ya daktari, au daktari anaposoma jina la mgonjwa, kitu kinapita kati yao ambacho hakuna swali kati ya yale 25 linalokigusa.

Wapo wanaodhani tiba ni kuwafundisha wahudumu mila za kila kabila: Wabemba wanaamini hivi, Waluba wanafanya vile. Nina hofu kubwa na mafunzo ya aina hiyo. Mwaka 1998 madaktari wawili wa California, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kisa kinachostahili kusomwa katika kila shule ya wauguzi. Muuguzi Mmarekani Mweusi alikuwa akimhudumia mama wa asili ya Amerika ya Kilatini aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Daktari mwenye asili kama ya mgonjwa akapita, akasema mama huyu anaonekana ana maumivu makali. Muuguzi akajibu kwamba alisoma kozi ya uuguzi wa tamaduni mbalimbali, na humo alifundishwa kwamba watu hao huyatia chumvi maumivu yao. Mama akaendelea kugugumia. Yule muuguzi angefanya mtihani wa umahiri angefaulu. Alikuwa na maarifa. Maarifa yenyewe ndiyo yaliyomzuia kumsikia mtu aliyekuwa mbele yake. Tervalon na Murray-García wakapendekeza tuache kudai kumaliza somo hilo, tulichukue kuwa unyenyekevu usiokwisha: kujichunguza, na kumwacha mgonjwa awe mwalimu wa maisha yake mwenyewe.

Sasa uuweke mtazamo huo katika mji ambao kampuni iliwahi kuandika kabila lipi linafaa kwenye tanuri. Orodha ya mila za makabila, ikitolewa hapa kwa nia njema kabisa, inarudi kwenye daftari lilelile.

Kwa hiyo tupime nini? Jibu bora ninalolijua limetoka kwa jirani, na halikutumia jina la umahiri wa kitamaduni hata kidogo. Mkoani Tanga, nchini Tanzania, katika wilaya za Korogwe na Muheza, mradi ulioitwa Staha uliwauliza wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya kama walifokewa, walipigwa, waliachwa peke yao au walidhalilishwa kwa namna yoyote. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema ndiyo. Wengine kati yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye na kuulizwa maswali yaleyale, waliosema ndiyo wakafika asilimia 28. Nchini Kenya mradi wa Heshima ulikuta mwanamke mmoja kati ya watano akisema alidhalilishwa wakati wa kujifungua.

Hizo namba mbili za Tanga, 19 na 28, zina mengi. Mama mwenye mtoto mchanga mkononi, ambaye bado yumo ndani ya uzio wa kituo, anayejua kwamba atarudi kwa chanjo na kukutana na mkunga yuleyule, hawezi kusema yote. Hata mwenyewe huenda hajakubali kilichompata. Akishakaa nyumbani, akasimuliana na dada na jirani, maneno yanatoka. Yeyote anayetaka kujua kama wahudumu wa Lubumbashi wanawaelewa watu wao akaulizie nyumbani, Katuba na Ruashi na pembezoni mwa Karavia, baada ya wiki kadhaa. Akiweka sanduku la maoni mlangoni mwa hospitali atapata sifa na salamu.

Staha haikuishia kuhesabu. Wahudumu, viongozi na wananchi walikaa pamoja, wakaandika mkataba wa namna ya kupokeana, wakaanza kuurekebisha mwenendo wa hospitali iliyohusika. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba udhalilishaji ulipungua sana hapo kuliko mahali ambapo kazi hiyo haikufanyika.

Kipo kipimo kingine ambacho naona kinafaa kuliko dodoso lolote: je, mgonjwa alisema ukweli kuhusu dawa nyingine? Katika mji huu karibu kila mgonjwa anayefika hospitalini ameshajaribu kitu. Kuna mizizi ya sokoni, kuna maji ya maombi, kuna vidonge vya duka la mtaani. Watoto wanaosumbuliwa na tumbo na kuhara husemwa wana kilonda ntumbo, na dawa yake ya majani mara nyingi hupitishwa kwa nyuma kwa kipira. Baadhi ya dawa hizo hazidhuru. Nyingine huunguza utumbo wa mtoto au kuchosha figo. Daktari anahitaji kujua. Lakini sikiliza namna swali linavyoulizwa. "Mama, mulimupa mwana dawa ya kienyeji?" Sauti iko juu, macho yako kwenye karatasi. Mama anajibu: "Apana, docta. Hatukumupa kintu." Swali lilikuwa la polisi, na jibu limekuwa la mtuhumiwa.

Mwenzake chumba cha pili anauliza vingine: "Mama, mbele ya kuja kwetu, muliisha kumusaidia mwana namna gani?" Hapo mama anafungua mkoba na kutoa chupa. Maarifa ya wahudumu hao wawili kuhusu mila yanaweza kuwa sawa kabisa. Tofauti yao inapimika: hesabu ni wagonjwa wangapi kwa wiki wanaotaja dawa ya kienyeji kwa mhudumu huyu na wangapi kwa yule. Katika mji ambao karibu kila nyumba ina mzizi ndani ya chungu, mhudumu ambaye wagonjwa wake wote wanasema hawakutumia kitu haulizi vizuri.

Maswali mazuri yapo tangu mwaka 1978, pale Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake walipopendekeza mgonjwa aulizwe ugonjwa wake ni nini kwa maoni yake. Unadhani umesababishwa na nini? Kwa nini ulianza siku ile? Umekuharibia nini maishani? Unaogopa nini zaidi? Hayahitaji mashine wala umeme, na hayamdai daktari kujua kabila la mtu. Fikiria mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao mitaani Lubumbashi unaitwa kwa herufi tu, SS. Kwa makadirio yanayotumika sana, watoto wapatao 2 kati ya kila 100 wanaozaliwa Kongo wana ugonjwa huo. Mtoto anavimba vidole, anapungukiwa damu mara kwa mara, na ndugu wa baba wanaanza kumtazama mama. Daktari anayeeleza chembe za damu na urithi kisha akanyamaza amefanya nusu ya kazi. Anayeuliza "munaogopa nini?" atasikia kwamba ndoa inavunjika, na atajua kwamba lazima baba aitwe aambiwe kwamba urithi huo umetoka pande zote mbili.

Kuna mfano wa hapahapa unaonigusa zaidi. Kati ya mwaka 2013 na 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, walichunguza watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile katika hospitali za mji huu, wakawalinganisha na waliozaliwa bila kasoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kilichojitokeza kwa nguvu zaidi ni kazi ya baba: baba aliyefanya kazi inayohusiana na madini alionekana zaidi, kwa tofauti kubwa, miongoni mwa wazazi wa watoto wenye kasoro. Mama anayezaa mtoto wa namna hiyo husikia mengi: alirogwa, alikula kilichokatazwa, alitembea nje. Ukimwuliza tu kuhusu mimba yake utaandika habari za mama. Ukiujua mji, ukajua kwamba vumbi la kobalti linarudi nyumbani na nguo za mume, utamwuliza baba anafanya kazi gani na ovaroli yake inafuliwa wapi. Huo nao ni umahiri wa kitamaduni, kwa sababu utamaduni wa Lubumbashi ni mgodi kwanza. Kizazi kizima kilijiita watoto wa Union Minière, kisha wa Gécamines, kampuni iliyoirithi. Sijaona dodoso linaloitaja ajira ya mgonjwa kama sehemu ya utamaduni wake.

Mashariki mwa nchi somo hili la kuwaelewa watu lilikuja kwa gharama ya kutisha. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu 2,287 kati ya 3,470 waliougua. Timu zilizofika Beni na Butembo zilikuwa na chanjo na wataalamu wa hali ya juu. Zilikuwa pia na mabango ya Kifaransa, au ya Kiswahili cha vitabuni ambacho si kile cha sokoni Butembo, kwa watu ambao wengi wao huzungumza Kinande nyumbani. Wafanyakazi wa shirika la Translators without Borders walipowaonyesha watu mabango hayo, walikuta mengi hayakueleweka, na kwamba watu walitaka maelezo marefu ya kwa nini na namna gani, zaidi ya amri fupi za kunawa na kutogusa. Mwezi Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa hospitalini Butembo. Sababu za vurugu zile zilikuwa nyingi, zikiwemo vita na siasa ya uchaguzi, na itakuwa dhuluma kuzirundika zote kwenye tafsiri ya bango. Lakini mgonjwa asiyeelewa anachukuliwa wapi huamini lolote atakaloambiwa na jirani.

Huko huko Beni kilionekana pia kitu chema. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki angavu. Mgonjwa alilala ndani, na familia ilisimama nje ikimwona, ikizungumza naye, ikijua kwamba hakuna anayemkata viungo wala kumwuza. Mbunifu wa chumba kile alielewa kwamba katika nchi hii mtu haugui peke yake. Ukipita uani kwa hospitali yoyote ya Lubumbashi jioni utaona mikeka, masufuria na makala yanayowaka: ni "garde-malade", shangazi na dada wanaopika, wanaofua, wanaonunua sindano, wanaokesha. Wao ndio watakaosimamia vidonge nyumbani. Mwisho wa siku wanafukuzwa wodini kama kero, kisha daktari anamweleza mgonjwa mwenye homa kali, peke yake, kwa Kifaransa kilichochanganywa, dawa tatu za nyakati tofauti.

Hapo ndipo ngazi ya Terry Cross inaporudi na maana yake ya kwanza, ya taasisi. Naamini wauguzi wa mji huu, wa daraja la A2 na la A1, wengi wao wanayajua maisha ya wagonjwa wao kuliko mtaalamu yeyote wa semina, kwa sababu wanaishi pamoja nao katika mitaa ya Kenya, Katuba na Kampemba. Wanapanda taxi-bus moja. Ujuzi huo wanauvua wanapovaa koti jeupe, kwa sababu hospitali haiwapi nafasi ya kuutumia. Muuguzi anayesubiri mshahara usiofika, mwenye wodi iliyojaa, anayelazimika kumdai mgonjwa pesa ya glavu, hawezi kuketi na kuuliza unaogopa nini. Mgonjwa aliyepona anapozuiwa kuondoka hadi bili ilipwe, jambo linalojulikana katika hospitali nyingi za nchi hii, somo la heshima alilopata kwa muuguzi mpole linafutika lote. Kumpa muuguzi huyo dodoso, kisha kumwambia amepata 58, ni kumwonea.

Pimeni hospitali. Je, wodini yupo wakati wote mtu anayejua Kibemba, Kiluba na Tshiluba, na anajulikana ni nani, au mfagiaji huitwa mbio kutafsiri habari za siri? Maelezo ya dawa yanarudiwa na mgonjwa au ndugu kwa maneno yao kabla hawajaondoka? Garde-malade ana mahali pa kulala? Mfuasi wa Kitawala au wa Postolo, makanisa ambayo upande wa kaskazini wa Katanga ya zamani baadhi ya wafuasi wake wamekataa chanjo kwa miaka mingi, anapomleta mtoto wake mgonjwa anapokelewaje: anafokewa, au anashukuriwa kwa kuja? Surua iliua watu zaidi ya 7,000 nchini kati ya mwaka 2018 na 2020. Baba aliyefokewa mara moja hatamleta wa pili.

Haya yote yanaweza kuhesabiwa bila chombo kutoka ng'ambo. Lubumbashi ina kanda zake za afya, na kila kanda ina "relais", watu wa kujitolea wanaopita nyumba hadi nyumba kuhimiza chanjo na vyandarua. Wanajua nani alilazwa na nani alirudi. Ipo Shule ya Afya ya Umma ya chuo kikuu, yenye wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wanafunzi hao wangeweza kukaa na akina mama wa mitaa wakaandika maswali sita au saba kwa Kiswahili cha hapa: walikuelewa? walikuelewesha? walikufokea? uliwaficha nini? walimwambia nani nyumbani kwako? ungerudi? Relais wayaulize nyumbani, mwezi mmoja baada ya mtu kutoka hospitalini, bila kuandika jina. Kinachohitajika ni karatasi, nauli ya taxi-bus, na mkuu wa hospitali atakayekubali majibu yasomwe kwa sauti mbele yake na mbele ya wauguzi wake, yeye akiwa wa kwanza kuulizwa kwa nini yako hivyo.